Gari Lililopona Kila Lilipofika Malindi

Gari letu lilikuwa na tabia ya mgonjwa anayepona akiona mlango wa hospitali. Likitoka Ngomeni alfajiri lilikohoa, likasita, likaruka kama punda aliyetiwa mzigo asioutaka. Likifika Malindi, jua limeshapanda, lilinguruma sawasawa kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiota njia nzima. Fundi wetu alifungua boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza, akaniambia nikanyage mafuta. Nilikanyaga. Injini iliitikia bila kigugumizi.

"Dada," aliniambia mara ya pili nilipompelekea, "unalisingizia gari la watu."

Gari lilikuwa la marehemu baba. Alilinunua likiwa limeshatumika na akalitunza mpaka alipofariki, na baada yake likabaki uani kwetu chini ya anga, kwa sababu hatuna banda. Mimi ndiye niliyejifunza kuliendesha, mtoto wa mwisho niliyebaki nyumbani na mama. Kwa muda lilikuwa gari la kwendea sokoni na harusini. Halafu figo za mama zikachoka, na gari likapata kazi nyingine. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilimpeleka Malindi kusafishwa damu.

Asiyewahi kumpeleka mtu huko huenda asijue kwa nini tulilihitaji gari letu wenyewe. Nafasi ya mama ilikuwa ya asubuhi, ya kwanza, na magari ya abiria ya kwetu husubiri yajae. Kurudi ndiko kuliko kugumu zaidi. Mama akitoka kwenye ile mashine huwa kama nguo iliyokamuliwa. Hawezi kukaa wima katikati ya watu na makapu. Hulala kiti cha nyuma, kanga usoni, na mimi huendesha polepole mpaka nyumbani.

Asubuhi moja ya mvua za rasharasha gari lilizimika karibu na mashamba ya chumvi, mahali ambapo hapana nyumba wala kivuli. Nililiwasha, likakohoa, likazimika tena. Tulikaa pale mpaka jua lilipotoka vizuri, ndipo likakubali, likaenda kama si lenyewe lililokuwa likikataa. Tulipofika Malindi kitanda cha mama kilikuwa kimeshapewa mgonjwa mwingine. Muuguzi alituomba radhi na kutuambia turudi kesho yake. Usiku ule miguu ya mama ilivimba hata hakuweza kuvaa ndara.

Kaka yangu mkubwa anaishi Mombasa. Alipopata habari alipiga simu, na hakugomba, jambo lililonitia hofu zaidi. Alisema amevumilia ya kutosha. Alhamisi itakayofuata atakuwa Malindi yeye mwenyewe, mlangoni mwa hospitali. Kama tutachelewa tena, au gari likizimika hata mara moja njiani, mama akitoka kwenye mashine atapanda gari lake na kwenda kukaa naye Mombasa, ambako hospitali iko karibu na nyumba yake ya ghorofani. Chumba kilikuwa tayari, hata kitanda alikuwa ameshanunua. Kila alilosema lilikuwa la haki.

Simu ilikuwa wazi, mama alisikia yote. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo na hakuinua uso. Aliutikisa, akapuliza makapi, akauosha, akatoka nayo yale maji kwenda kuyamwagia miasumini yake kama afanyavyo siku zote. Aliporudi alisimama mlangoni na bakuli tupu.

"Ghorofa ya tatu," alisema, "maji ya mchele nitamwagia nini?"

Hakulirudia neno hilo wala hakunililia. Lakini tangu saa ile nilijua kwamba nyumba yake, kisima chake, kaburi la mumewe lililo hatua chache nyuma ya msikiti, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye injini ambayo hakuna aliyeweza kuiona ikiugua.

Kazi ya kuandika habari imenizoesha kuuliza lini na wapi kabla ya kuuliza kwa nini. Nilikaa barazani nikazikumbuka asubuhi zote mbaya na zote nzuri, moja moja. Wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu, gari halikuwahi kusumbua. Lilianza kusumbua kusi ilipoingia na umande ukawa mwingi. Siku ambazo kulinyesha usiku ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Tena halikusumbua popote tu: kwenye tambarare, nikienda taratibu, lilijikaza. Lilipotakiwa nguvu ndipo liliposhindwa, hasa pale barabara ya mchanga inapopanda kuingia kwenye lami. Pale nikikanyaga mafuta gari lilisita kwanza, kama mtu aliyeitwa akajifanya hakusikia, kisha likashtuka na kutikisika lote. Na likishapigwa na jua, basi, lilipona.

Nilimpigia fundi nikamweleza hivyo hivyo. Fundi wetu ni mwanamke wa Ganda, nje kidogo ya Malindi, ana karakana yake ukingoni mwa mji, na ana ulimi ambao ungemtosha hata kama hangekuwa na mikono. Alikuwa ameshabadilisha plagi, na mara ile ya pili akabadilisha filta ya petroli, na mara zote mbili aliniapia kwamba tumemaliza. Safari hii hakuniapia kitu.

"Mbona hukuniambia habari ya umande?"

Nilimwambia hakuniuliza.

"Haya, tumekosa sote. Sikiliza. Petroli haijali umande, umeme ndio unaojali. Injini yako inamisi, yaani inakosa moto, kwa sababu kuna mahali umeme unavuja kukiwa na unyevu, na ukija kwangu saa nne na jua lote hilo, mimi nitauona wapi huo mvujo? Mgonjwa wako sharti nimwone akiwa kitandani. Jumatano nalala kwenu."

Alikuja Jumatano alasiri kwa bodaboda, mkoba wa spana mgongoni. Ndani ya mkoba alikuwa na nyaya za plagi alizozitoa kwenye gari lililokufa kwa ajali, zikiwa bado nzima, kwa sababu alishuku ama nyaya hizo ama koili inayozipa umeme. Akamwamkia mama shikamoo, akataka kwenda moja kwa moja kwenye boneti. Mama akamkatalia. Kwetu mgeni hashiki kazi kabla hajashika tonge. Na fundi naye alikiri kwamba gari lililokauka halingemwambia kitu.

Wakati wa chakula cha jioni kulikuwa na wali wa nazi, mchuzi wa papa wa nazi na maharagwe ya nazi. Fundi aliyatazama masahani yote matatu.

"Mama, sisi wa Ganda kazi yetu kupanda minazi, na nyinyi wa huku kazi yenu kuimaliza."

"Na tembo ya minazi hiyo anaimaliza nani?" mama aliuliza, akimwongezea mchuzi.

Fundi alicheka mpaka akaweka tonge chini. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kusikia mtu akicheka ndani ya nyumba, na nilimwona mama akijizuia asicheke naye. Baadaye alimtandikia chumba cha wageni na kumfukizia udi, kama kwamba kesho kuna sherehe.

Tulitoka uani mara tu mama alipomaliza sala ya alfajiri. Kulikuwa bado na giza. Gari lilikuwa limelowa kana kwamba limeogeshwa. Fundi alipitisha kiganja juu ya boneti, akakikung'uta, matone yakaruka. Aliridhika kama mtu aliyeletewa zawadi. Akafungua boneti, akaniambia nizime taa ya baraza na nisiwashe gari mpaka aniambie. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, tayari kwa safari, buibui mwilini na mkoba mapajani. Ilikuwa Alhamisi. Kaka yangu alikuwa ametuma ujumbe kwamba ameshaondoka Mombasa.

"Washa."

Nilizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kutetemeka kwa mwendo wa kilema, silinda tatu zikienda na moja ikibaki nyuma. Niliiacha hivyo nikashuka kwenda kuangalia. Gizani, kati ya nyaya zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, niliona cheche ya buluu, nyembamba kama uzi, ikiruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma cha injini. Ilizimika. Ikatokea tena.

Fundi hakutaka kuishia hapo. Alisema ameshaniapia mara mbili na hataki kuapa ya tatu kwa kubahatisha. Alitaka kuzilowesha nyaya mwenyewe aone. Aliuliza kama tuna chupa ya kunyunyizia maji. Hatukuwa nayo. Mama akainuka, akaingia ndani, akarudi na mrashi wake wa fedha, ule wenye shingo ndefu, ambao hutoka kabatini kwa harusi na maulidi tu kuwanyunyizia wageni marashi. Alikuwa ameumimina na kuutia maji.

Fundi aliirudisha mikono nyuma. Alisema mikono yake ina grisi.

"Chukua, mwanangu," mama alimwambia. "Leo anayeozwa ni gari."

Basi fundi akanyunyiza, kwa adabu kabisa, waya mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza, kimya. Wa pili, cheche mbili tatu. Alipofika wa tatu ule uzi wa buluu ukawa kundi zima, ukitambaa na kutatarika, na injini ikapiga chafya, ikatikisa gari lote na kuzimika. Ukimya ulioingia uani ulikuwa mkubwa. Kwa miezi nilikuwa nikiusimulia ugonjwa huu kwa watu wasioniamini, na sasa nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, na rangi yake ilikuwa buluu.

Fundi alimulika kurunzi. Mpira wa waya wa tatu ulikuwa umegugunwa kando, kipande cha urefu wa kidole, alama za meno zikionekana wazi. Wa pili ulikuwa umeanza kuliwa. Panya, alisema. Umeme ulikuwa ukifika pale na kurukia chuma badala ya kwenda kwenye plagi, na silinda ile ikabaki bila moto. Kukiwa kukavu ulijikaza ukapita. Kukiwa na maji, au ukitakiwa kwa nguvu nyingi, ulichukua njia ya mkato.

Lakini hakuridhika. Alikuwa ameona magari mengi, alisema, na panya wa Malindi hula nyaya za taa, hula hata viti, ila hajapata kuona panya aliyeacha vyote akachagua nyaya za plagi peke yake. Akausugua waya kwa vidole, akavinusa. Akanisogezea vidole puani.

Vilinukia nazi.

"Nani anayepika humu?" fundi aliuliza.

Tulisikia mama akikohoa kidogo nyuma yetu.

"Mimi," alisema.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa sana. Ngomeni chumvi iko kwenye upepo, na hakuna chuma kinachosalimika kisipopakwa. Mama hupaka mafuta ya nazi kwenye bawaba za milango, kwenye kufuli, kwenye cherehani na kwenye mnyororo wa kisima, kila Ijumaa, kwa kitambaa na kikombe kidogo cha bati. Gari nalo aliliingiza kwenye zamu hiyo baba alipofariki. Alikuwa amemwona mara nyingi kupitia dirisha la jikoni akiwa ameinama chini ya boneti na kitambaa, akipaka. Baba alikuwa akipaka grisi kwenye vichwa vya betri, hapo tu. Mama kutoka dirishani hakuweza kuona ni nini wala ni wapi. Aliona mumewe akilipaka gari mafuta ili chumvi isilile, na alipobaki peke yake akaendelea, kila Ijumaa, siku ambazo mimi niko kazini. Alipaka kila kitu alichokifikia kwa mkono. Nyaya za plagi ndizo zilizokuwa juu kabisa.

Fundi alikuwa ameanza kutikisika mabega.

"Wali wa nazi," alisema, "papa wa nazi, maharagwe ya nazi. Na sasa plagi za nazi. Mama, panya wa watu wangefanyaje?"

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa akiutazama ule waya mkononi mwa fundi.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "muda wote huu ni mimi niliyekuwa nikijihamisha."

Fundi aliacha kucheka mara moja. Akamwambia si yeye, ni panya.

"Panya ni mgeni tu," mama alisema. "Aliyemwandalia chakula ni mimi." Halafu mdomo ukamcheza pembeni, na kicheko alichokibana tangu jana jioni kikatoka chote, akashika ukuta, akafuta machozi kwa ncha ya buibui. "Baba yenu angenisema leo."

Kubadilisha nyaya hakukuchukua muda. Fundi alifuta mafuta yote kwa kitambaa na sabuni, akavisugua vichwa vya plagi, akazisukuma nyaya alizokuja nazo mpaka zikalia mahali pake. Niliwasha. Injini ikashika na kutulia, minong'ono minne iliyolingana. Fundi alinyanyua mrashi, lakini mama alimpokonya. Alinyunyiza mwenyewe, kwa mkono ule ule anaowanyunyizia mabibi harusi, nyuma, mbele, na tena nyuma. Hakuna cheche. Injini haikubadilisha hata pumzi.

Tuliondoka, fundi kiti cha mbele, mama nyuma. Tulipita mashamba ya chumvi kukiwa kunapambazuka na ukungu umelala juu ya maji ya madimbwi. Nilijua wote watatu tunausikiliza mwinuko kabla hatujaufikia. Nilipofika pale mchanga unapopanda kukutana na lami nilikanyaga mafuta, si kwa nguvu, kama kawaida yangu, na nikasubiri lile kusita. Gari likapanda. Nilikuwa nimeshafika juu, nimeshakata kona, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimezuia pumzi.

"Unaweza kupumua, dada," fundi alisema. "Hewa haina nazi."

Kaka yangu alikuwa mlangoni mwa hospitali, amesimama kando ya gari lake, mikono kifuani. Tulikuwa tumefika kabla ya saa ya mama. Alimwamkia mama, akamshika mkono kumteremsha, akanitazama mimi, akalitazama gari. Mama alifungua mkoba wake na kutoa mrashi. Sikujua kwamba ameubeba.

"Fungua boneti unyunyize mwenyewe," alimwambia. "Maji yamo." Akaingia ndani kwa wauguzi bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alinyunyizia injini maji kwa mrashi wa harusi katika maegesho ya hospitali, mlinzi akimtazama. Fundi alimweleza habari yote, na kwa kuwa ni yeye aliyeisimulia, panya walikuwa wameongezeka ukubwa. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Alinyunyiza mara ya pili.

"Na Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu pia kutakuwa na umande," fundi alimjibu. "Nimebadilisha nyaya, kaka, sikubadilisha hali ya hewa."

Kaka hakuamini kwa maneno, na simlaumu. Aliamua kukaa nasi Ngomeni mpaka Jumatatu aendeshe yeye. Jumapili usiku mvua ilinyesha, si ya kutisha, lakini ya kutosha, na nilipoisikia ikipiga bati nilishangaa kwamba nilikuwa nimefurahi. Alfajiri gari lilikuwa likichuruzika maji. Kaka aliketi kwenye usukani wa baba, akasukuma kiti nyuma, akazungusha ufunguo. Liliwaka mara moja. Njiani aliendesha kama mtu anayetafuta ugomvi: alikanyaga mafuta kwenye mchanga, akakanyaga kwenye mwinuko, akapunguza ghafla na kukanyaga tena. Gari lilimtii katika yote. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma kabla hatujamaliza mashamba ya chumvi, na mimi niliyekuwa kiti cha mbele nikaona kaka akimtazama mama kwenye kioo, kisha akapunguza mwendo.

Alasiri ile, tulipokwisha kumrudisha mama nyumbani, alijiandaa kwenda zake. Hakutamka kwamba amebadilisha nia. Alimwambia mama kwamba chumba kipo na kitabaki kipo, na mama akamjibu kwamba atakuja kukilalia Idi. Alipofungua buti ya gari lake kuweka begi niliona alivyokuwa ameisafisha, akakunja hata kiti cha nyuma, ili vitu vya mama vipate nafasi. Palikuwa patupu, pamefagiliwa.

Mama, ambaye siku za mashine huwa hainuki kitandani, alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni. Alimwita jirani, akamwonyesha lundo la nazi lililokuwa kando ya kisima, na jirani akaanza kuzibeba. Buti ikajaa. Zilizobaki zikaenda kwenye kiti cha mbele. Kaka alisema basi, mama, zinatosha, huko zitamwozea.

"Hizo ni za kula," mama alimwambia, ameegemea mlango wake. "Usije ukalipaka gari."